Msiba wa Likizo Yangu

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita mwenye genge alilifungia vitumbua kabla hujalisoma, nakurudisha nyuma kidogo. Mimi ni Andendekisye, watu wananiita Mzee Ande. Naendesha boila, ule mtambo wa mvuke, katika kiwanda kimoja cha nguzo za umeme, njia ya kwenda Mgololo. Boila ile niliikuta mpya, na mimi nilikuwa na nywele.

Nilikusimulia jinsi uongozi ulivyoniita mbele ya wafanyakazi wote na kunipa zawadi ambayo pale kwetu haijawahi kutolewa: likizo ya heshima kwa mtu aliyetumika muda mrefu. Mwezi mzima nyumbani, mshahara unaingia kama kawaida, na ile likizo yangu ya mwaka ninayoila Krismasi haiguswi. Wakanipa na picha yangu kubwa ndani ya fremu inayong'aa. Wakapiga makofi.

Kisha Madam Bertha, meneja utumishi wetu, akachukua kipaza sauti na kuninyooshea kidole.

"Mzee Ande, hii ni ya kupumzika kweli kweli. Nikikuona hapa kiwandani kabla ya mwezi kuisha, tutagombana. Na ninyi wengine, marufuku kumpigia mzee simu, marufuku kupokea yake. Mwacheni alale!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Tuliachana pale niliposhuka kwenye basi Uyole, begi mgongoni, picha kwapani, nikatafuta bodaboda ya kwenda nyumbani Igawilo. Nilijua naenda kupumzika.

Sasa kaa vizuri.

Kitu ambacho Madam Bertha hakukijua, kwa kuwa kwao ni Iringa mjini na kila mwisho wa wiki yuko kwao, ni kwamba kwetu sisi mtu anayefanya kazi mbali hatokei hivihivi. Anakuja Krismasi, au anakuja kuzika. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo tangu nilipooa. Na huo ulikuwa mwezi wa saba, baridi inakata masikio.

Mke wangu Esnath alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Aliponiona naingia, shuka likamponyoka likaanguka kwenye tope.

"Baba Sekela! Nani?"

"Nani nini?"

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja likizo."

"Likizo mwezi wa saba? Usinifiche, baba Sekela. Ni mama? Niambie tu kama ni mama!"

"Mama yako mzima. Nimempita sokoni sasa hivi anagombana na muuza dagaa."

"Basi ni kaka!"

Nikamshika bega nimtulize. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Tangu anifahamu sijawahi kumshika Esnath bega uani mchana kweupe. Akajua kwamba jambo ni zito kuliko alivyodhani, akaweka mikono kichwani na kupiga yowe ambalo nina hakika hata muuza dagaa alilisikia.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu wa nyuma, mzigo wa kuni kichwani. Sijui kuni zile alizitoa wapi kwa haraka ile, nadhani watu wetu huziweka tayari nyuma ya mlango. Akafuata mwingine na mkungu wa ndizi. Wakaja wanaume, wakavuta magogo, wakakaa.

"Pole, Ande."

"Jamani, hakuna msiba."

"Ndiyo, ndiyo. Jikaze. Kaa chini."

Hapa lazima nikueleze adabu moja ya kwetu, la sivyo utasema natunga. Mtu akifika msibani haulizi nani kafa. Kuuliza ni kukosa heshima, kama vile unataka kwanza kupima marehemu anastahili muda wako au hastahili. Unafika, unakaa, unalia kidogo, jina utalisikia mbele ya safari. Kwa hiyo kila aliyeingia uani kwangu aliwaona wenzake wamekaa, naye akakaa. Hakuna hata mmoja aliyejua chochote, na kila mmoja aliamini kwamba aliye pembeni yake anajua.

Nilipomwona Mzee Jofrey, balozi wetu wa nyumba kumi, anaingia na koti lake refu, nikamkimbilia.

"Mzee, wewe ni mtu wa serikali. Waambie hawa waende makwao. Hajafa mtu hapa!"

Mzee Jofrey akanivuta pembeni.

"Umefanya vizuri sana kutomtaja, Ande. Usimtaje mpaka wajomba zako wafike kutoka Tukuyu."

"Wajomba? Nani kawaita?"

"Nimeshawapigia."

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia waje."

"Hawakuuliza kuna nini?"

Akanitazama kwa mshangao.

"Wajomba waulize? Wajomba gani hao?"

Nikamfuata Esnath jikoni. Naye alikuwa ameshapiga simu zake zote. Mama yake mzima, kaka yake mzima, dada zake wazima, binti yetu Sekela yuko Iringa anasuka nywele. Nikashukuru Mungu, sasa walau nyumba yangu ingekuwa upande wangu. Nikamkuta amejifunga khanga kiunoni, anapuliza moto chini ya sufuria la kukopa.

"Mama Sekela! Si umeshajua hakuna aliyekufa?"

"Nimejua."

"Sasa unapika msiba wa nani?"

"Sijui! Lakini watu wamekaa, watu wameleta kuni. Wali ukikosekana, aibu itakuwa yako au yangu?"

Nilipotoka nje, vijana wa kanisa walikuwa wanafunga turubai kwenye paa langu.

Mchana akafika shangazi Tumpe. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na macho yake sasa yana mtoto wa jicho, lakini taratibu zote za msiba anazijua hata gizani. Alipapasa meza ndogo chini ya turubai, akaikuta tupu, akakasirika.

"Msiba gani huu hauna picha?"

Akaingia sebuleni, akatoka na fremu ya kwanza aliyoigusa. Akaitandikia kitambaa cheupe, akaisimamisha mezani, akaiwekea maua ya plastiki. Mimi huyo, nimevaa kofia ngumu ya kazini, natabasamu.

Mjomba wangu mkubwa aliposhuka kutoka Tukuyu aliiona ile picha kabla hajaniona mimi. Akaanguka kifudifudi.

"Ande! Ande, umetuacha na nani!"

Nikamwinua. Nikampangusa vumbi. Akanishukuru, akanipa pole kwa kufiwa, akalia begani kwangu. Kisha akainua uso.

"Ande?"

"Ndiyo mimi, mjomba."

"Sasa mbona picha?"

"Ni ya likizo, mjomba."

Akaenda kukaa na wenzake. Baada ya chakula nikawasikia wajomba wakiulizana ni ng'ombe yupi atachinjwa. Nina dume moja tu, jekundu, nalilisha kwa ajili ya harusi ya Sekela. Damu ikanipanda. Nikasimama juu ya kinu.

"Ndugu zangu! Nisikilizeni! Hajafa mtu! Kiwanda kimenipa heshima! Wameniambia, Ande, umetumika muda mrefu, nenda nyumbani ukalale, sisi tutakulipa!"

Mzee Jofrey akaegemea fimbo yake.

"Wamekuambia uende nyumbani?"

"Ndiyo!"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Wakapiga makofi."

"Wakafurahi unaondoka."

"Wakafurahi kwa ajili yangu, mzee."

"Picha wakakupa."

"Wakanipa."

"Na kurudi pale kiwandani umeruhusiwa?"

"Mpaka mwezi uishe. Madam amesema akiniona, tutagombana."

Mzee Jofrey akawageukia watu, akavua kofia.

"Ndugu waombolezaji, tumesikia wenyewe. Kilichokufa ni kazi."

Hapo uwanja ukalipuka. Tangu asubuhi walikuwa wanalia bila kujua wanamlilia nani, na sasa wamepata marehemu. Shangazi Tumpe akajitupa kwenye mkeka.

"Kazi yetu jamani! Kazi iliyomsomesha Sekela! Kazi iliyotuezekea bati!"

Kwaya ikashika wimbo wa mazishi kwa nguvu ambayo haikuwa nayo mchana kutwa. Mtu mmoja nisiyemfahamu akanikumbatia na kuniambia hata yeye iliwahi kumfia, alikuwa dereva wa lori la Zambia.

"Mnanitukana!" nikapiga kelele. "Nitawapigia simu sasa hivi, mbele yenu, msikie wenyewe!"

Nikaweka simu kwenye spika, nikampigia Madam Bertha. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatwa. Nikampigia mhasibu. Ikakatwa. Nikawapigia watu wa ghala, wa getini, hata mama anayetupikia uji. Hakuna aliyepokea. Kila ilipokatwa, uwanja mzima uliguna.

Nikabakiwa na Vitus, kijana wa Kihesa ambaye nilimfundisha boila kwa mikono yangu na ndiye aliyekuwa ananishikia zamu. Naye hakupokea, ila ujumbe ukaingia. Mwalimu wa kwaya akaninyang'anya simu na kuusoma kwa sauti.

"Mzee, tumekatazwa kuongea na wewe. Boila ipo tu, haina shida, wala haikuulizi. Wewe pumzika."

"Mungu wangu," akasema Esnath, na hata yeye akakaa chini.

Nakwambia ukweli, hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka saa ile nilikuwa na hasira tu. Sasa nikaanza kuyasikia upya yale makofi ya kiwandani, na safari hii hayakunifurahisha. Kwa nini walifurahi vile? Mtu unayemhitaji si unamwambia arudi upesi? Mimi sina ujuzi mwingine. Shamba letu Esnath analijua kuliko mimi. Ninachojua ni kuisikiliza boila inavyopumua na kuelewa inataka nini. Ukiniondoa pale, unabaki na mzee mwenye koti la kazini basi.

Nilikula nyama ya dume langu mwenyewe siku ile. Sikusikia utamu.

Siku ya tatu asubuhi Mzee Jofrey akaniita mbele ya wajomba.

"Ande, mtu hafukuzwi bila kosa. Na kosa haliombewi msamaha na mkosaji, linaombewa na ukoo. Tumekodi Costa."

"Costa ya kwenda wapi?"

"Kiwandani kwenu."

"Mzee, mtaniharibia! Kama sijafukuzwa, mkifika pale mtafanya nifukuzwe!"

"Kama hujafukuzwa, kwa nini unaogopa tufike?"

Ndiyo maana nilipanda ile Costa: kuwazuia. Nilikaa mbele nikijiambia kwamba njiani nitawashawishi wageuze. Nyuma yangu walikaa wajomba, Esnath, shangazi Tumpe na jogoo mapajani, na nusu ya kwaya ndani ya sare. Mikungu ya ndizi ilifungwa juu.

Tulipopita Chimala, Mzee Jofrey akagonga fimbo sakafuni.

"Kuna jambo moja halijakaa sawa. Hatuwezi kwenda kuomba msamaha wa hewani. Yule mama ni mtu mkubwa. Atatuuliza, mnaombea kosa gani? Tukisema hakuna kosa, tumemwita mwongo ndani ya ofisi yake."

"Kweli kabisa," wakasema wajomba.

"Kwa hiyo tukubaliane kosa."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Mkubaliane kosa langu?"

"Dogo tu. La kusameheka."

Mjomba mkubwa akatoa lake.

"Tuseme ulevi."

"Huyu hata togwa inamlaza," akasema shangazi Tumpe. "Wenzake pale wanamjua. Haitaaminika."

"Basi wanawake."

Esnath akasimama ndani ya gari linalokimbia.

"Wanawake hapana! Kazi atarudishiwa, na mimi Igawilo nitapita njia gani? Tafuteni lingine!"

"Alilala zamu," akasema mwalimu wa kwaya. "Hilo ni dogo. Nani hajawahi kusinzia kazini?"

Msomaji, mimi nina hasira za karibu, na hili nalo nalikiri. Unaweza kunitania kipara, unaweza kunichinjia dume. Lakini mtu wa boila akilala, boila inapasuka na watu wanakufa. Sijawahi kufumba jicho pale ndani hata siku niliyokuwa na malaria. Nikageuka kwenye kiti.

"Kulala? Mimi nilale kwenye boila? Afadhali mkaseme mimi ni mwizi kuliko kusema nililala!"

Mzee Jofrey akatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika.

"Haya. Mwizi. Amechagua mwenyewe."

"Sijachagua! Nimesema afadhali!"

"Aliiba nini?" akauliza mjomba.

Hapo dereva wa Costa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia huku anakata kona.

"Semeni dizeli, wazee. Dizeli ndiyo wizi wa kawaida. Mimi tajiri wangu asipoona imepungua kidogo, anadhani nimeanza kuiba nauli."

Wote wakaona ni busara. Dizeli kidogo, ya kuwashia jiko nyumbani. Nilipinga mpaka Makambako. Nilipinga tulipoingia njia ya vumbi pale Nyololo. Kila nilipofungua mdomo Mzee Jofrey aliniwekea fimbo begani.

"Nyamaza, Ande. Mkosaji haongei."

Tulipofika kiwandani, mlinzi wetu Jailos alitoka kwenye kibanda chake amefungua mikono.

"Kamwene, Mzee Ande! Si uko likizo wewe? Umeleta na kwaya?"

Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Jailos saa ile. Nikaruka nje ya gari.

"Jailos! Waambie hawa! Mimi nimefukuzwa au niko likizo?"

"Ufukuzwe na nani?" Jailos akacheka. "Wazee, huyu yuko likizo ya heshima. Mshahara wake unaingia vilevile. Sisi wote tunamwonea wivu, hata simu zake tumekatazwa kupokea asije akawaza kazi."

Mzee Jofrey akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo hukufukuzwa."

"Si ndivyo ninavyosema tangu juzi!"

Esnath akanirukia shingoni mbele ya wajomba wote. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mjomba mkubwa akaniomba radhi kwa dume, akasema tutaongea. Wanakwaya wakaanza kushuka wakinyoosha sare zao. Na mimi, baada ya siku zote zile, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo. Kazi yangu ipo. Kilichobaki ni kugeuza gari haraka kabla Madam Bertha hajaniona tukagombana.

"Haya, pandeni, pandeni turudi," nikasema. "Shangazi yuko wapi?"

"Aliomba aonyeshwe choo," akasema Jailos. "Nimemwelekeza mle ndani. Ila nilishangaa kidogo. Alikuwa na jogoo."

Nilikimbia, msomaji. Umri huu wangu nilikimbia kupita magogo, kupita ghala, watu wananipungia mkono, "Mzee Ande, likizo vipi?" na mimi sijibu. Nikasukuma mlango wa ofisi ya Madam Bertha.

Shangazi Tumpe alikuwa amepiga magoti kwenye zulia. Jogoo alikuwa juu ya meza.

"...nimemlea mwenyewe huyu, mwanangu, hana wazazi. Ni shetani tu alimpitia. Pokea jogoo, ndizi ziko kwenye gari. Dizeli hatachukua tena. Nakuapia."

"Shangazi! Inuka! Sijafukuzwa!"

Hakuniangalia. Amefundishwa kwamba ombi likishaanza halikatizwi.

"Hatachukua tena dizeli," akarudia.

Madam Bertha hakucheka. Nilimsubiri acheke. Alikuwa ananitazama kana kwamba mtu mwingine ameingia na sura yangu.

"Funga mlango, Mzee Ande," akasema.

"Madam, nisikilize, hawa wazee wa kwetu..."

"Tangu mwanzo wa mwaka dizeli ya jenereta inapotea. Lile tangi liko ukutani kwa boila. Nimemshuku kila mtu kiwandani hapa. Nimemshuku Jailos. Nimemshuku mpaka mama wa uji. Mtu mmoja tu sikumshuku. Mimi ndiye niliyewaambia wakubwa wakupe ile likizo. Nilipigana kwa ajili yako. Na tangu uondoke, Mzee Ande, tangi halijapungua hata tone."

Mwizi, yeyote yule, alikuwa amepumzika pamoja na mimi.

"Madam, siyo mimi. Mungu ni shahidi."

"Zaidi ya Mungu, una shahidi gani?"

Mlango wa pembeni ukafunguka. Vitus akaingia, ovaroli yangu mwilini, akifuta mikono kwa tambara. Nikafurahi kumwona. Huyu amekaa na mimi pale ndani usiku na mchana, huyu ananijua.

"Vitus! Mwambie Madam! Umewahi kuniona nagusa lile tangi?"

Vitus akanitazama. Kisha akamtazama jogoo, akamtazama shangazi aliyepiga magoti, na nikamwona anafikiri. Akainamisha kichwa.

"Mimi nilijua siku nyingi, Madam," akasema polepole. "Nilimwonea huruma. Ni mzee wangu, amenifundisha kazi. Sikutaka amalizie vibaya."

Nilimtazama usoni kijana yule, na yeye alitazama tambara lake tu.

Shangazi Tumpe akageuza macho yake meupe kuelekea ile sauti. Akapapasa mezani, akamshika jogoo miguu, akamnyooshea Vitus.

"Ndaga, mwanangu. Ahsante kwa kumficha mwenzio. Chukua, ni wako."

Na Vitus akampokea.

"Mzee Ande," Madam Bertha akasema, "nitakuuliza mara moja tu, na utakalojibu ndilo nitakalopeleka kwa wakubwa. Huyu mama aliyekulea amesafiri kutoka Mbeya, amepiga magoti mbele yangu, ameapa. Ameongopa?"

Mzee Jofrey alikuwa ameshafika mlangoni na wajomba nyuma yake, wote wanahema, wote wananitazama. Shangazi alikuwa bado chini, mikono imekutana, amenielekezea sikio. Alinibeba mgongoni huyu. Alininyima chakula siku moja tu maishani, na ilikuwa siku niliyomjibu vibaya mbele ya wageni.

"Shangazi yangu haongopi," mdomo wangu ukasema.

Nilikuwa na maneno mengine nyuma yake. Nilikuwa na "lakini", nilikuwa na habari nzima ya Costa na dereva na fimbo, nilikuwa nimeshaifungua kinywani. Saa hiyohiyo pale nje Esnath alikuwa amemaliza kuwaeleza wanakwaya kwamba kazi ya mume wake ipo, na kwaya ikapasua wimbo wa shukrani, ngoma na filimbi, chini ya dirisha la Madam Bertha. Nilipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sikujisikia hata mwenyewe.

Madam Bertha akasimama, akaenda dirishani, akamwonyesha Jailos ishara kwa mkono.

Jailos akavuta geti, akalizungushia mnyororo, akafunga na kufuli. Esnath akampigia kigelegele.